Ua la Usambara: kutofautisha ndugu wanaofanana

Anayetaka kujua ua la Usambara alilolikuta msituni ni la aina gani, mara nyingi huanza kwa kutazama rangi ya ua lenyewe. Hapo ndipo anapopotea. Kuanzia milima ya Taita nchini Kenya hadi Uluguru kule Morogoro, sehemu kubwa ya maua haya ni ya zambarau au samawati, yana petali tano, mbili ndogo juu na tatu kubwa chini, na katikati yana vifuko viwili vya chavua vya njano. Ukiweka mezani maua matupu kutoka milima minne au mitano, hata mtaalamu aliyeyashughulikia miaka mingi atasita. Mwambie mmea umeota mlima gani na juu ya mwamba wa namna gani, mpe jani na tunda, naye atakujibu kwa uhakika zaidi.

Nasema hivi kwa sababu ua hili ni la kwetu hasa. Mimea ya porini ya kundi hili haipatikani popote duniani isipokuwa Tanzania na kusini mashariki mwa Kenya, ilhali ndugu zake waliozalishwa kwenye vitalu huuzwa kwa mamilioni ya vyungu Ulaya, Marekani na Asia. Ni jambo la kusikitisha kwamba wengi wetu tunaweza kulinunua dukani mjini bila kujua kwamba asili yake ni mwamba wenye unyevu juu ya mto Sigi. Na wale wachache wanaolijua porini wanakutana na fumbo: vitabu vya miaka ya 1960 vinataja spishi ishirini hivi, kitabu cha 2006 kinataja sita, na orodha za sasa zinakaribia kumi. Msitu ni uleule. Basi nani yuko sahihi?

Kabla ya kufika huko, tuwaondoe wasiohusika.

Wazungu waliliita ua hili kwa jina la urujuani, na jina likashika, lakini halina udugu wa karibu na urujuani wa kweli wa jenasi Viola (jenasi ni kundi la spishi zenye udugu wa karibu). Viola wa asili wapo kwenye milima yetu pia, na ua lao lina mkia mdogo nyuma unaobeba nekta. Ua la Usambara halina mkia huo wala halina nekta. Linampa nyuki chavua tu, na nyuki huipata kwa kutetemesha misuli yake hadi vifuko vitoe unga. Kwenye miamba hiyohiyo huota pia jamii ya Impatiens, ambao nao wana mkia nyuma ya ua na shina lenye majimaji mengi. Hao wawili hawapaswi kumsumbua mtu aliyegeuza ua na kulitazama kwa nyuma.

Wanaosumbua ni mimea ya jenasi nyingine, Streptocarpus. Hawa huota kwenye vivuli vilevile, wana vinyweleo vilevile, na maua yao ni ya zambarau. Kinachowatenganisha kwa macho ni tunda: la Streptocarpus wa kawaida ni refu, limesokotwa, na likikauka hujifungua kwa kufuata msokoto huo. Tunda la ua la Usambara halisokoti. Tofauti nyingine ni bomba la ua. Streptocarpus ana bomba linaloonekana wazi, wakati ua la Usambara ni bapa, bomba lake fupi mno.

Kwa zaidi ya miaka mia moja tofauti hizo zilitosha kulipa ua la Usambara jenasi yake yenyewe, Saintpaulia. Mwaka 1997 Michael Möller na Quentin Cronk walichapisha uchunguzi wa vinasaba ulioonyesha kwamba ua hili limechipuka ndani ya ukoo wa Streptocarpus, tena karibu na wale wenye shina wanaoishi Afrika Mashariki. Tunda lisilosokotwa na ua bapa ni mabadiliko yaliyotokea baadaye katika tawi moja la ukoo huo. Ndiyo maana tangu uainishaji mpya wa 2015 jina rasmi limekuwa Streptocarpus, na Saintpaulia imebaki kuwa jina la sehemu ndani ya jenasi hiyo. Ukikuta Saintpaulia ionantha kwenye kibao cha zamani na Streptocarpus ionanthus kwenye kitabu kipya, ni mmea mmoja.

Sasa tuje kwenye ndugu wenyewe.

Mkanganyiko ulianza siku ya kwanza. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa serikali ya kikoloni ya Kijerumani aliyekuwa Tanga, alipeleka mimea hii kwa baba yake Ujerumani. Ikafika mikononi mwa Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya Herrenhausen huko Hannover, aliyeipa jina Saintpaulia ionantha mwaka 1893. Lakini mimea ile ilitoka sehemu mbili. Moja ilikuwa karibu na mji wa Tanga, chini kabisa, kwenye miamba ya chokaa. Nyingine ilikuwa juu, ndani ya msitu wa Usambara, kwenye mwamba mgumu usio na chokaa. Mimea ya sehemu hizi mbili ilitofautiana kwa tunda: moja ilizaa tunda fupi nene, nyingine tunda refu jembamba. Maua yalifanana, kwa hiyo kwenye vitalu vya Ulaya yalichanganywa, yakauzwa kwa jina moja, na uzao wao ukachavushana kwa miongo kadhaa. Ua la dukani leo ni uzao wa mchanganyiko huo, na kulitumia kama kielelezo cha kutambulia mmea wa porini ni kosa.

Aliyejaribu kuweka mambo sawa ni B. L. Burtt, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi kwenye bustani ya mimea ya Kew, London, kisha ile ya Edinburgh. Kuanzia miaka ya 1940 hadi 1960 aliipa majina spishi nyingi kuliko mtu mwingine yeyote. Aligundua kwamba ua halisaidii, akageukia vinyweleo vya jani. Ukiwa na kioo cha kukuzia utaona alichokiona. Kwenye jani moja vinyweleo vyote ni virefu na vimesimama wima. Kwenye jingine ni vifupi, vimelala na kuelekea ncha ya jani. Jani la tatu lina vyote viwili, virefu vichache vikiwa vimetawanyika katikati ya vifupi vingi. Majina aliyotoa yanasimulia hayo: diplotricha kwa ajili ya vinyweleo vya aina mbili, velutina kwa jani lililo kama mahameli, brevipilosa kwa vinyweleo vifupi. Na mengine yanasimulia taabu yake: confusa na difficilis.

Kazi ya Burtt ilikuwa ya makini, na hadi leo mtu anayetaka kujifunza kutazama jani hana mwalimu bora. Udhaifu ulikuwa kwenye malighafi. Nyingi ya spishi zake zilielezwa kutokana na mimea michache iliyokuzwa kwenye vibanda vya vioo Uingereza, mingine ikiwa ni uzao wa mche mmoja. Ukichukua mche mmoja kutoka Amani, Usambara Mashariki, mmoja kutoka bonde linalofuata, na mmoja kutoka mlima wa tatu, utaona aina tatu zilizo wazi. Ukitembea kwa miguu kutoka wa kwanza hadi wa tatu, ukikagua kila mwamba njiani, utakutana na mimea iliyo katikati. Baadaye vielelezo vingi zaidi vilikusanywa kutoka porini, na mapengo yaliyokuwa yakitenganisha spishi moja na nyingine yakaanza kujaa.

Ndipo mwaka 2006 Ian Darbyshire wa Kew, akiandika juzuu ya familia hii katika kitabu kikuu cha mimea ya Afrika Mashariki ya kitropiki, akapunguza spishi hadi sita. Zile nyingi za Usambara na nyanda za chini aliziweka chini ya spishi moja, ionantha, kisha akaigawa kuwa nususpishi kadhaa, yaani makundi madogo ndani ya spishi moja. Mfano ulio wazi zaidi ni nususpishi grotei ya Usambara Mashariki. Ndani yake zimo confusa na difficilis, zenye majani yaliyokaa kwa duara chini kama shada. Zimo pia magungensis, amaniensis na grotei yenyewe, zenye shina refu linalotambaa juu ya mwamba. Kwa macho ya mtunza bustani hilo ni jambo la ajabu, kwa sababu mmea wa shada na mmea unaotambaa havifanani hata kidogo vikiwa chunguni. Msituni, hata hivyo, mmea mchanga unaotambaa huanza kama shada, na urefu wa shina hutegemea umri, kivuli na mwelekeo wa mwamba.

Vinasaba viliunga mkono upunguzaji huo kwa kiasi kikubwa. Mimea ya Uluguru inajitenga vizuri. Mmojawapo, goetzeana, hasa unaonekana kuachana na wengine mapema. Wale wa Usambara wanatofautiana kidogo sana, jambo linaloashiria kwamba wametengana karibuni kwa kipimo cha historia ya milima. Hawa wa Usambara pia wanaweza kuzalishwa pamoja na uzao wao ukazaa. Mimi naona Darbyshire yuko karibu zaidi na ukweli wa msituni, ingawa sikubaliani na wanaosema kwamba sasa majina ya Burtt yatupwe. Nususpishi si takataka ya uainishaji. Ni jina la kundi lenye mahali pake na sura yake, hata kama mipaka yake inafifia pembeni.

Tangu hapo zimeongezwa chache, mojawapo ikiwa ulugurensis iliyopewa jina mwaka 2009 na ambayo, kama jina linavyosema, ni ya Uluguru. Kwa hiyo hesabu zote tatu, ishirini, sita na karibu kumi, zinazungumzia mimea ileile. Kilichobadilika ni kiasi cha tofauti kinachodaiwa kabla ya kundi kuitwa spishi.

Kwa anayesimama mbele ya mmea, swali la kwanza liwe: niko wapi? Milima ya Tao la Mashariki, ambayo ndiyo hii ya Taita, Usambara, Uluguru na mingine, imetengana kwa muda mrefu, kila mmoja ukiwa na msitu wake wenye unyevu uliozungukwa na nyika kavu ambayo ua hili haliwezi kuivuka. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi, lakini mche hauwezi kuishi nje ya kivuli na unyevu. Matokeo yake ni kwamba kujua mlima peke yake kunapunguza majibu yanayowezekana hadi machache.

Kenya ni rahisi. Kuna mbili tu za kufikiria, na hazikutani. Teitensis iko kwenye msitu wa Mbololo katika milima ya Taita, na haijulikani kwingine: shina lake husimama, jani lina mng'ao na vinyweleo vyake vimelala. Rupicola, ambayo ni nususpishi ya ionantha, iko karibu na pwani kwenye miamba ya chokaa ya Kilifi, upande wa Kaloleni, na mahali panapojulikana zaidi ni Chasimba. Ukiwa Kilifi kwenye chokaa, si teitensis. Ukiwa Mbololo, si rupicola.

Karibu na Tanga, kwenye mabonde ya chini yenye miamba, unayo nususpishi ionantha yenyewe. Hapa tafuta tunda. Likiwa fupi na nene, umepata ushahidi mzuri kuliko rangi yoyote. Ukipanda Usambara Mashariki kuelekea Amani, tunda linakuwa refu na jembamba, na unaingia eneo la grotei, ambako utakuta mashada na mimea inayotambaa kwenye mto mmoja. Ushauri wangu hapo ni kutohangaika kuchagua kati ya confusa na difficilis. Andika grotei, eleza kama inatambaa au la, eleza vinyweleo, na uendelee. Kaskazini zaidi, kwenye mlima Mtai, yuko pendula: jani la mviringo lililojaa vinyweleo hadi linaonekana la kijivu, shina linaloning'inia, na maua moja au mawili tu kwenye kila kikonyo. Huyu anatambulika hata kwa mgeni.

Usambara Magharibi iko ng'ambo ya bonde la Lwengera, na bonde hilo limefanya kazi kubwa ya kutenganisha. Velutina ina jani jeusi la kijani lenye vinyweleo laini, upande wa chini mwekundu wa zambarau, na ua lenye ukingo uliopauka hadi karibu na weupe. Orbicularis ina jani la mviringo lisilo nene na ua hafifu lenye kitovu kilichokolea. Grandifolia, jani lake ni kubwa na laini. Hizi tatu ni nususpishi za ionantha na ndizo zinazowachosha watu, kwa sababu mmea wa orbicularis uliokulia kwenye kivuli kizito unaweza kupanua jani hadi udhani ni grandifolia. Kivuli hufanya hivyo kwa ndugu wote: jani hupanuka na kupungua unene, kikonyo hurefuka, na vinyweleo huonekana kutawanyika. Ukiweza, linganisha mimea kadhaa ya mahali pamoja, wa kwenye mwanga na wa kwenye giza, kabla ya kuamua.

Juu zaidi, kwenye msitu wa Shume, yuko shumensis, ambaye amebaki kuwa spishi kamili hata baada ya upunguzaji wa 2006. Ni mdogo, jani lake ni la mviringo na vinyweleo vyake ni virefu vilivyosimama. Ua limepauka, lina doa la zambarau nzito katikati. Shume kuna baridi na ukavu kuliko Amani, na mmea unaonyesha hivyo.

Uluguru ni mahali pekee ambapo ningekuambia utazame ua kwanza. Hapa wako goetzeana na pusilla, ambayo baada ya kuhamia Streptocarpus ilibidi ipewe jina jipya, afroviola, kwa kuwa jina la zamani lilikuwa limeshachukuliwa ndani ya jenasi hiyo. Wote wawili wana maua madogo ya rangi mbili: petali za juu zina zambarau, za chini ni nyeupe au karibu nyeupe. Ili kuwatenganisha, rudi kwenye umbo: goetzeana hutambaa kwa shina na majani madogo ya mviringo, pusilla ni shada dogo. Yupo pia inconspicua, mwenye ua jeupe lenye alama za samawati. Kati ya hawa na wale wa Usambara hakuna anayepaswa kuchanganywa.

Kuna alama moja inayowapotosha wengi. Ukitazama ua kwa mbele, utaona kijiti chembamba cha kike kinachopokea chavua kimeinamia upande mmoja. Katika ua moja kimeenda kulia, katika jingine kushoto. Hii si tofauti ya spishi. Maua ya kulia na ya kushoto hutokea ndani ya aina moja, na hata kwenye mmea mmoja. Ni mpangilio unaosaidia chavua kupelekwa kutoka ua la upande mmoja hadi la upande wa pili.

Kwa hiyo picha nzuri ya kutambulia si ile ya ua lililojaa fremu. Piga mmea mzima kutoka pembeni ili ionekane kama una shina au umekaa kwa shada. Piga jani kwa karibu, mwanga ukitoka ubavuni, kwani mwanga wa mbele huvilaza vinyweleo na kuvificha. Geuza jani upige upande wa chini. Tafuta tunda, hata lililokauka la msimu uliopita. Kisha andika mlima, mwinuko, na kama mwamba ni wa chokaa au la. Usiung'oe mmea, picha hizo nne na maandishi hayo vinamtosha mtaalamu wa hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) ya Nairobi au ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kukupa jibu lenye maana.

Tofauti hizi ndogo zina uzito kwenye uhifadhi. Ukiihesabu ionantha kama spishi moja iliyoenea kutoka Kilifi hadi Usambara, inaonekana iko salama kiasi, na sehemu ya eneo lake imo ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani iliyotangazwa mwaka 1997. Ukiitazama rupicola peke yake, unaona mmea uliobaki kwenye majabali machache ya chokaa, na chokaa ndiyo malighafi ya saruji. Msitu wa juu ya jabali ukikatwa, kivuli kinaondoka, na mmea hukauka hata kama hakuna aliyegusa mwamba. Hakuna kundi jingine la kuirudisha Kilifi kutoka huko Amani, maana la Amani si rupicola.

Hatari nyingine haizungumzwi sana. Kwa kuwa wengi wa ndugu hawa huzaliana, ua la dukani lililopandwa kwenye bustani iliyo kando ya msitu linaweza kupeleka chavua yake kwa mmea wa porini ikiwa nyuki mmoja atafika pote. Watu wanaoishi karibu na misitu hii na kuuza miche kwa wageni wangefanya vyema kuotesha mbegu za mlima wao wenyewe, kwa idhini ya hifadhi, na kuandika jina la bonde kwenye kila chungu. Mikusanyo mingi ya zamani ng'ambo ina mimea mizuri ya porini ambayo kibandiko chake kinasema tu "Tanganyika". Mimea hiyo iko hai, inatoa maua, na hakuna anayeweza kuirudisha mahali pake.